Jinsi ya Kutengeneza Basi Dogo la Mbao kwa Mtoto Anayeanza Kutembea

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza basi dogo la mbao lenye pua, madirisha mawili na magurudumu manne yanayozunguka, kwa ajili ya mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu. Bodi ya basi hilo ina urefu wa sentimita 16, kimo cha sentimita 7 na unene wa sentimita 4.5, na ikichongwa kwa mbao nyepesi, basi zima hufikia takribani gramu 300. Huo ni uzito ambao mtoto anaweza kuubeba mwenyewe bila kuelemewa, na ambao hautaleta balaa kubwa siku atakapoamua kulirusha, jambo ambalo atalifanya tu. Anayeweza kukata mbao kwa unyoofu na kutoboa tundu lisilopinda anaweza kuifanya kazi hii. Kinachoitofautisha na kazi ya kutengeneza stuli au rafu ni kwamba kitu hiki kitaingia kinywani mara nyingi kwa siku, kitang'atwa, kitalowa mate na kitagongwa sakafuni. Kwa hiyo kila uamuzi, tangu kuchagua mbao hadi kupaka mafuta, hauna budi kuanzia kinywani mwa mtoto.

Kipimo cha kinywa

Viwango vya usalama wa vichezeo vinavyotumika Ulaya na Marekani hupima vipande vinavyoweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitatu kwa kopo dogo lenye kipenyo cha milimita 31.7. Kina cha kopo hilo huanzia milimita 25.4 upande mmoja na kufikia milimita 57.1 upande wa pili, kwa kuwa kitako chake kimekatwa mshazari. Kipande chochote kinachozama chote ndani yake hakiruhusiwi kuwamo katika kichezeo cha mtoto wa umri huo, wala kichezeo hakiruhusiwi kutoa kipande cha ukubwa huo kinapoanguka au kuvutwa. Kwa vitu vya mviringo kama mpira au shanga kubwa, kipimo ni kikali zaidi, na ni vyema kipenyo kisiwe chini ya milimita 45, kwa sababu mpira ukinasa kooni huziba njia yote ya hewa.

Kopo la namna hiyo linaweza kutengenezwa nyumbani kwa kuviringisha kipande cha manila hadi kiwe na upana wa ndani wa milimita 32, kukibana kwa gundi ya karatasi na kukikata kwa urefu wa milimita 57. Kiache mezani muda wote wa kazi. Ukikijaribu kwa kifuniko cha soda utaona kwamba kifuniko kinazama bila shida, na hiyo ndiyo sababu magari ya maboksi ya maziwa yenye magurudumu ya vifuniko, ambayo watoto wakubwa hujitengenezea kwa ustadi wa kupendeza, hayafai kuachwa mikononi mwa mdogo wao. Magurudumu yanayokatwa kutoka kwenye ndala kuukuu nayo yana tatizo lake, kwa kuwa meno machache ya mbele yanatosha kunyofoa kipande cha sponji na kukimeza. Magurudumu ya basi letu yatakuwa na kipenyo cha sentimita 5 na unene wa sentimita 2, hivyo hata moja likichomoka siku moja, halitaingia ndani ya kopo.

Kuchagua mbao

Hakuna haja ya kununua mbao nzima. Mafundi wa fenicha, iwe Keko jijini Dar es Salaam au kwenye karakana yoyote ya mtaani, huwa na rundo la mabaki ambayo mengi huishia jikoni kama kuni, na kipande cha mbao ya mbili kwa nne chenye urefu wa futi moja kinatosha bodi na ziada ya kujaribia. Kwa bodi, paini, yaani mbao ya msonobari, inafaa sana. Ni nyepesi, inakatika kwa urahisi na inapatikana kila mahali, kwa kuwa mashamba ya misonobari ya Sao Hill wilayani Mufindi yamekuwa yakilisha soko la mbao nchini Tanzania kwa miaka mingi. Kenya, saipresi inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Chagua kipande kisicho na vifundo. Kifundo cha paini hutoa utomvu unaonata hata baada ya mbao kupakwa mafuta, na baadhi ya vifundo hulegea mbao inapokauka, vikadondoka vikiwa na ukubwa uleule ambao kopo letu linaukataa.

Magurudumu yanahitaji mbao ngumu kidogo, na hapo ninapendekeza mninga. Mninga husifika kwa kutopindapinda kwa kuwa hunywea kidogo sana unapokauka, na huko kusini mwa Afrika watu huchongea mabakuli na miiko ya chakula, jambo linaloonyesha kwamba umezoeleka kukaa karibu na vinywa. Rangi yake ya kahawia pia huyafanya magurudumu yaonekane vizuri kando ya bodi nyeupe ya paini bila kuhitaji rangi ya dukani. Hata hivyo, vumbi la mninga, kama lile la mvule na la mpingo, huwawasha baadhi ya watu ngozi na kuwabana kifua, kwa hiyo vaa barakoa unapokata na kupiga msasa, na fanya kazi hiyo mbali na mahali mtoto anapolala na kuchezea. Mkongo ni imara lakini basi lote likitengenezwa kwa mkongo litakaribia nusu kilo. Mpingo, ambao ni mzito hata ukitiwa majini unazama, uachwe kwa wachongaji wa vinyago na watengenezaji wa zumari.

Zipo mbao ambazo hazifai hata zikitolewa bure. Ya kwanza ni mbao iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Nguzo za umeme na za uzio nyingi hutiwa mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, na mabaki yake hutambulika kwa rangi ya kijani iliyofifia, hasa karibu na uso wa mbao. Vipande hivyo visitumike kwa kichezeo na visitumike hata kama kuni. Ya pili ni mbao ya chaga za mizigo za bandarini ambayo haina mhuri unaosomeka. Chaga zinazosafiri kimataifa hupigwa mhuri wenye herufi HT zikiwa zimetibiwa kwa joto, na MB zikiwa zimefukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromidi. Yenye MB isitumike kabisa, na hata yenye HT haisemi ni nini kilimwagikia njiani, kwa hiyo ningeiacha pia. Ya tatu ni mbao kuukuu iliyopakwa rangi, iwe ni mlango, dirisha au kitanda, kwa sababu rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Ya nne ni mbao za kubandika na zile za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambazo zikilowa mate mara kwa mara huvimba, huachana na kumeguka.

Kabla ya kukata, hakikisha mbao imekauka. Mbao hunywea inapopoteza maji, lakini hainywei sawasawa kila upande: kwenye urefu wa nyuzi hainywei karibu kabisa, ilhali kwenye upana hunywea waziwazi. Gurudumu lililokatwa likiwa bichi likiwa duara kamili litageuka kuwa yai, na tundu lake litageuka vivyo hivyo, kiasi kwamba ekseli iliyokuwa imebana inaanza kucheza. Njia rahisi ya kujua ni kupima kipande kwenye mizani ndogo ya jikoni, kukiweka ndani ya nyumba mahali penye hewa bila kukianika juani, na kukipima tena kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kupungua, mbao imefikia ukavu wa nyumba hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, usishawishike kukata magurudumu kwa kulikata tawi la mti vipande vya duara kama vipande vya ndizi. Tawi hunywea zaidi kwa mzunguko kuliko kuelekea katikati, na matokeo yake ni ufa unaoanzia kwenye kiini na kufika kwenye gome, tena wenye kingo kali.

Vifaa

Utahitaji msumeno wa mkono, msumeno mwembamba wa kukatia mviringo, randa, tupa ya mbao, guni (kipimo cha pembe mraba), bikari, penseli, klampu mbili au jiliwa, nyundo ndogo, keekee ya mkono au ya umeme yenye vichwa vya milimita 10, 12 na 25, na msasa wa namba 80, 120, 180 na 240. Kwa kuunganisha, tumia gundi nyeupe ya mbao inayochanganyika na maji. Msumari na skrubu havimo katika orodha hii kwa makusudi: mbao ikilowa na kukauka mara nyingi, msumari hujitokeza wenyewe, na mtoto ndiye atakayekuwa wa kwanza kuugundua.

Kukata bodi

Piga randa nyuso zote za kipande cha paini hadi unene ufikie sentimita 4.5, kisha kikate kiwe na urefu wa sentimita 16 na kimo cha sentimita 7, nyuzi za mbao zikielekea kwenye urefu. Upande wa mbele, pima sentimita 5 kutoka ukingoni na sentimita 3 kutoka juu, chora kwa guni, na ukiondoe kipande hicho kwa mikato miwili ya msumeno. Hapo ndipo pua ya basi inapotokea. Pembe ya ndani, pale kioo cha mbele kinapokutana na boneti, isiachwe ikiwa kali. Ipitishe tupa hadi iwe na mduara mdogo, kwa kuwa uchafu na mate hukwama kwenye pembe kali na kitambaa cha kufutia hakifiki.

Sasa chora sehemu za matundu. Matundu ya ekseli yawe sentimita 1.5 juu ya kitako cha bodi, moja likiwa sentimita 3.5 kutoka mbele na jingine sentimita 3.5 kutoka nyuma. Madirisha yawe sentimita 2.3 chini ya paa, la kwanza sentimita 8 kutoka ncha ya pua na la pili sentimita 13. Kwa vipimo hivyo, kila dirisha lenye kipenyo cha milimita 25 litabaki limezungukwa na mbao ya kutosha, na kitako cha basi kitakaa sentimita moja juu ya sakafu.

Ukubwa wa madirisha haukuchaguliwa kwa ajili ya urembo pekee. Kidole cha mtoto kinaweza kunasa kwenye tundu lenye upana wa kati ya milimita 5 na 13: huingia kwa shida, huvimba, kisha hakitoki. Tundu lolote lililo wazi, na nafasi yoyote iliyopo kati ya sehemu zinazosogea, iwe finyu kuliko milimita 5 au pana kuliko milimita 13. Dirisha la milimita 25 linapitisha kidole kwa uhuru, na watoto wengi hulifanya kuwa mahali pa kulishikia basi.

Toboa madirisha kwa kichwa cha milimita 25 ukianzia upande mmoja hadi ncha yake ichomoze kidogo tu upande wa pili, kisha ligeuze basi na umalizie kutoka huko. Ukitoboa moja kwa moja hadi mwisho, mbao hung'oka vibanzi upande wa kutokea. Matundu ya ekseli yatoboe kwa kichwa cha milimita 12, na hapa unyoofu ndio kila kitu, kwa sababu tundu lililopinda kidogo litalifanya basi liende mshazari au liwe na gurudumu moja lisilogusa sakafu. Kama huna keekee ya kusimama, simamisha guni kando ya kichwa cha keekee na umwombe mtu asimame upande mwingine akuangalie kama keekee inalala, kwani anayetoboa huona upande mmoja tu.

Magurudumu

Njia nyepesi ni kutumia msumeno wa duara unaofungwa kwenye keekee ya umeme. Funga mbao ya mninga yenye unene wa sentimita 2 kwa klampu juu ya ubao wa taka, kata hadi nusu ya unene, geuza, na umalizie upande wa pili. Hivyo gurudumu halitakwama ndani ya msumeno na kingo zake hazitachanika. Msumeno wenye kipenyo cha nje cha milimita 57 huacha duara la takribani sentimita 5, kwa kuwa unene wa meno yake huliwa pande zote. Keekee ya katikati ya msumeno huo huacha tundu dogo, ambalo utalipanua kwa kichwa cha milimita 10.

Asiye na msumeno huo achore duara kwa bikari, atoboe kwanza tundu la katikati la milimita 10 wakati mbao bado ni ya mraba na inashikika vizuri, kisha akate pembe nne ili kupata umbo la pande nane, na aliendeleze kwa msumeno mwembamba na tupa hadi lifike kwenye mstari. Kulimalizia, pitisha bolti ya milimita 10 kwenye tundu, kaza nati, funga bolti kwenye keekee ya umeme na uzungushe gurudumu polepole huku umelikaribishia msasa namba 80 uliobandikwa kwenye kipande cha ubao. Vaa miwani kwa hatua hii, na usivae shati la mikono inayoning'inia. Ukiyapanga magurudumu manne kwenye bolti moja ndefu, yote yatatoka sawa, na hilo lina faida kubwa kuliko kila moja kuwa duara kamili la kipimo ulichopanga.

Ekseli

Ekseli mbili, kila moja yenye unene wa milimita 10 na urefu wa sentimita 10, zinaweza kununuliwa kama vijiti vya mviringo pale vinapopatikana. Visipopatikana, chana ufito wa mraba wa milimita 11 kutoka kwenye mninga ulionyooka nyuzi, uparue pembe zake kwa randa hadi uwe na pande nane, kisha uchonge ncha moja na uugonge kwa nyundo kupitia tundu la milimita 10 lililotobolewa kwenye chuma bapa. Chuma hukwangua ziada yote na ufito hutoka upande wa pili ukiwa mviringo. Ni lazima nyuzi ziwe zimenyooka toka ncha hadi ncha. Ufito wenye nyuzi za mshazari utavunjika ukiwa bado unagongwa, na hiyo ni heri kuliko kuvunjika ukiwa kwenye basi.

Ekseli ya milimita 10 ikiwa ndani ya tundu la bodi la milimita 12 huzunguka kwa uhuru, hata msimu wa mvua mbao inapovimba kidogo. Kwenye gurudumu, ambako tundu ni milimita 10, ekseli inatakiwa iingie kwa kusukumwa kwa nguvu ya mkono. Ikiingia kwa kulegea, gundi peke yake haitaisaidia, na ni afadhali kutengeneza ekseli nyingine iliyo nene kidogo.

Kupiga msasa

Kazi hii ifanywe kabla ya kuunganisha, wakati kila uso bado unafikika. Anza kwa kuvunja kingo zote kwa tupa hadi ziwe na mduara wa milimita 3 hivi, na pembe za pua na za paa ziwe na mduara mkubwa zaidi. Kisha upige msasa namba 80, 120 na 180, ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Ndani ya madirisha na kwenye midomo ya matundu ya ekseli, viringisha msasa kwenye penseli. Kigezo ninachokiamini kuliko macho ni kubonyeza kila pembe kwenye shavu lako: pembe inayokuudhi wewe haifai kwenye ufizi wa mtoto.

Baada ya namba 180, futa vipande vyote kwa kitambaa kilicholoweshwa maji na uviache vikauke kabisa. Mbao iliyokuwa laini itarudi ikiwa na manyoya, kwa sababu maji huinua nyuzi fupi zilizokuwa zimelazwa na msasa. Zikate nyuzi hizo kwa msasa namba 240, lowesha tena, kausha, na urudie mpaka mbao ikauke ikiwa laini. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwenye fenicha bila madhara, lakini basi hili litaloweshwa na mate siku ya kwanza tu, na nyuzi zisipoinuliwa karakana zitainuka juu ya ulimi. Mwishowe buruta kipande cha mtandio mwepesi juu ya kila uso. Kikinasa mahali, pana kibanzi hapo.

Kuunganisha

Toka kila ncha ya ekseli, kata mwanya mwembamba wa msumeno wenye kina cha sentimita 2, yaani sentimita moja na nusu ndani ya gurudumu na nusu sentimita ya ziada itakayobaki nje. Miwili iliyo kwenye ekseli moja ielekee upande uleule. Mwanya huo utapokea kabari ndogo ya mninga, ambayo ikigongwa huitanua ncha ya ekseli ndani ya gurudumu na kuifanya isitoke hata gundi ikishindwa. Mwelekeo wa mwanya ni muhimu: unatakiwa kukatiza nyuzi za gurudumu, si kwenda nazo. Kabari husukuma mbao pande zake mbili, na ikisukuma kwa kukatiza nyuzi italipasua gurudumu papo hapo, lakini ikisukuma kwa kufuata urefu wa nyuzi gurudumu litastahimili.

Kabla ya gundi, paka mafuta au nta (utayarishaji wake umeelezwa hapo chini) upande wa ndani wa kila gurudumu na ubavu wa bodi utakaofunikwa nalo, kwa kuwa hutafika huko tena, ila uhakikishe mafuta hayagusi tundu la gurudumu. Paka pia nta sehemu ya kati ya ekseli. Nta hulainisha mzunguko na kuzuia gundi iliyopotea njia isiigandishe ekseli kwenye bodi. Paka gundi ndani ya tundu la gurudumu la kwanza, sukuma ekseli hadi ichomoze milimita 5, paka gundi kwenye kabari na uigonge taratibu hadi sauti ya nyundo ibadilike na kuwa nzito. Pitisha ekseli kwenye bodi. Kata vipande vya karatasi ngumu yenye unene wa milimita moja, uvipasue mwanya, na uvipachike kati ya kila gurudumu na bodi ili nafasi ibaki, kisha unganisha gurudumu la upande wa pili kwa namna ileile. Futa gundi iliyotokeza kwa kitambaa chenye maji, iache kwa saa 24, chomoa karatasi, na ukate ncha za ekseli na kabari ziwe sawa na uso wa gurudumu kabla ya kuzipiga msasa kwa utaratibu uleule, pamoja na kulowesha.

Kulijaribu

Usimpe mtoto basi lisilojaribiwa. Viwango vya Ulaya huvuta sehemu za kichezeo kwa nguvu ya niutoni 90, ambayo ni karibu uzito wa kilo 9. Zungusha mshipi imara wa kuvulia nyuma ya gurudumu, pande zote mbili za ekseli, lishike basi kiubavu na utundike ndoo yenye lita 9 za maji kwa sekunde kumi. Rudia kwa kila gurudumu. Kisha liangushe basi mara tano kutoka kimo cha sentimita 85 kwenye sakafu ya saruji, kila mara likianguka kwa upande tofauti, na ulikague chini ya mwanga mzuri. Ufa wowote kwenye gurudumu, hata mwembamba kama unywele, unatosha kulikataa gurudumu hilo, na kwa kuwa limeunganishwa kwa kabari utalazimika kukata ekseli yote na kuweka mpya. Kipande chochote kitakachokuwa kimemeguka kipitishe kwenye kopo la manila kabla ya kuamua kama basi linafaa kurekebishwa.

Mafuta, nta na rangi

Basi hili linaweza kuachwa bila kupakwa chochote, na hilo si kosa. Likipakwa, hudumu zaidi na kufutika kwa urahisi. Changanya sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu nne za mafuta ya alizeti kwa uzito. Mkazi wa Singida au Tabora hatapata shida kupata nta safi. Nta huyeyuka karibu na nyuzi joto 63, lakini isiwekwe moja kwa moja juu ya moto kwa sababu hushika moto: weka kopo la nta na mafuta ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, koroga hadi kila kitu kiyeyuke, na uache kipoe. Paka kwa kitambaa, subiri nusu saa, sugua ziada yote hadi uso usinate. Mafuta ya karanga yasitumike, kwa kuwa kuna watoto ambao miili yao huikataa karanga kwa namna ya hatari. Mafuta ya kitani yanayouzwa madukani kama yaliyochemshwa nayo mara nyingi huongezwa madini ya kuharakisha ukaukaji, hivyo hayafai. Na anayetumia yale mabichi atandaze matambara yake nje yakauke, kwani yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe.

Kwa anayetaka rangi, mbegu za mzingefuri zikilowekwa kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto kidogo huyapa rangi ya chungwa iliyokolea, na mafuta hayo yanaweza kutumika kutengenezea mchanganyiko wa nta. Manjano nayo hutoa rangi nzuri, ila hufifia upesi kwenye jua. Rangi ya dukani itumike tu ikiwa kopo lake linaeleza kwamba inafaa kwa vichezeo na kwamba risasi haizidi sehemu 90 kwa milioni. Maneno kama "rangi ya maji" peke yake hayatoshi kuwa dhamana.

Matunzo

Lisifungwe kamba. Mtoto wa mwaka mmoja husukuma kwa kiganja, naye hafaidiki na kamba inayoweza kumzunguka shingoni. Likichafuka, lifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo na kukaushwa mara moja. Likiachwa kwenye beseni la maji litavimba na magurudumu yatagoma. Mara moja kwa mwezi, au kila linapoanguka kutoka mahali pa juu, zungusha kila gurudumu kwa kidole na ujaribu kulisogeza kushoto na kulia. Likicheza zaidi ya lilivyokuwa likicheza siku ya kwanza, liondoe mikononi mwa mtoto hadi ekseli ibadilishwe. Alama za meno kwenye boneti zipigwe msasa namba 240 na kupakwa nta upya.